Moshi Ndani ya Moshi

Msimu ule tuliuomba ukungu kuliko tulivyoomba chakula. Kila alfajiri nilitoka kibandani na mtoto kifuani, nikainua macho, na kila alfajiri mbingu ilikuwa bluu tupu, bila hata kiwingu cha kusingizia. Kwingine watu huamka wakaona anga la namna hiyo wakashukuru. Sisi tulilichukia. Anga safi maana yake helikopta za jeshi zinaona mpaka chini ya majani, na zikiona moshi zinarudi na mabomu. Kwa hiyo moto haukuwashwa mchana. Na bila moto wa mchana, maziwa yangu yalikataa kutoka.

Tulikuwa mwaka wa pili mlimani, juu ya mji wa Chajul, familia chache tulioponyoka siku kijiji kilipochomwa. Sisi wakubwa tulikwisha kuzoea. Tulijifunza kutembea bila kuvunja kijiti, kukohoa ndani ya blanketi, kula bila chumvi. Watoto wachanga hawakuzoea. Waliozaliwa kule juu, wengi hawakufika kuota meno. Walikwenda na baridi, na kikohozi, na titi tupu. Hakuna risasi iliyowagusa, na ukiliuliza jeshi hadi leo, litakuapia kwamba halikumuua hata mmoja wao.

Mama mkwe wangu, Engracia, alikuwa mkunga. Mwanamke mfupi, mdomo mkali, mikono iliyokwisha kupitia nusu ya matumbo ya Chajul. Yeye ndiye aliyempokea binti yangu asubuhi moja ya Januari yenye sakitu nyeupe juu ya nyasi, juu ya majani ya misonobari tuliyoyatandika chini. Kabla hata hajamkata kitovu alimgeuza, akamtazama, akasema, "Huyu ni mimi."

Ndivyo ilivyo kwetu. Mtoto huchukua jina la bibi au babu yake, na pamoja na jina huchukua nafasi yake. Mzee akiondoka, kiti chake duniani hakibaki wazi. Kuna aliyekwisha kukikalia. Mama mkwe alikuwa amengoja muda mrefu. Watoto wake wengine walikuwa wamekufa au wametawanyika, na mume wangu Gaspar, wa mwisho, alichelewa kuoa. Kwa hiyo alipompata Engracia mwenzake alifurahi hadharani, bila haya, katikati ya njaa ile. Asubuhi alikuwa akimfunua mbeleko na kumsalimu.

"Umeamkaje, Engracia?" Kisha anajijibu mwenyewe kwa kijisauti chembamba: "Nimeamka salama, Engracia, ila huyu mkwe wetu ni mchoyo."

Nilicheka siku za mwanzo. Baadaye sikucheka tena, maana mtoto alikuwa akinyonya na kunyonya, na akiniachia kifua hana kitu mdomoni isipokuwa hewa.

Mama mkwe hakuwa na shaka ya sababu. Kwetu mwanamke aliyejifungua huingizwa tuj, kile kibanda kifupi cha mawe na udongo kinachokaa nyuma ya kila nyumba. Ndani yake mawe hupashwa moto mpaka yawe mekundu, kisha humwagiwa maji, na mvuke ule humfunga mzazi mwili uliofunguka, humtoa baridi ya uzazi, na maziwa yanashuka. Mama yangu aliogeshwa hivyo, na mama yake, na wote waliowatangulia. Hakuna aliyewahi kuuliza ingekuwaje bila tuj, kwa sababu hakuna aliyewahi kuikosa.

Na tuj tulikuwa nayo, hapo ndipo palipouma. Chini kidogo ya kambi palikuwa na boma la watu tusiowajua, limechomwa lote. Nyumba ilikuwa majivu, ghala majivu, lakini tuj ilisimama vilevile, maana mawe na udongo haviungui. Mama mkwe aliifagia, akaziba nyufa, akapanga mawe upya, akaleta kuni, akakata matawi ya kunichapia mgongoni. Matawi yakakauka akakata mengine. Kilichokosekana ni siku moja tu ya ukungu mzito. Vijimoto vyetu vya kupikia chapati za mahindi tuliviwasha kwenye mashimo kabla hakujapambazuka, na jua likitoka vimekwisha kufukiwa. Lakini moto wa tuj huwaka asubuhi nzima, na moshi wake ni wa kuonekana kutoka wilaya nyingine.

Mzee Nicolás, aliyekuwa kiongozi wetu, alikuwa amekataza kabisa. Simlaumu. Mwaka uliotangulia mtu mmoja alichemsha maharage mchana, na kwa ajili ya maharage yale tulizika watu.

Aliyemweka binti yangu hai siku zile alikuwa Feliciana. Alikuwa mjane; mumewe alichukuliwa barabarani akienda kuuza kamba. Alikuwa na mtoto wa kiume, Melchor, aliyezaliwa wakati wa mvua, na yule mvulana alikuwa mnene kuliko wote kambini, yaani mnene kwa vipimo vyetu. Kila asubuhi Feliciana alimnyonyesha mwanawe, kisha akanyoosha mikono, nami nikampa wangu. Nilikaa pembeni nikimsikiliza binti yangu akimeza. Sijui kama kuna mwanamke anayeweza kusikiliza sauti ile kutoka kwenye kifua cha mwingine bila kuumia. Nilishukuru na niliumia, yote mawili kwa pamoja.

Halafu Melchor akaanza kulia baada ya kunyonya. Mashavu yakashuka. Wote tuliona na wote tulinyamaza, mpaka asubuhi moja nilipomfikishia mtoto nikakuta Feliciana amejifunika shuka mpaka shingoni.

"Petrona," akaniambia, haniangalii. "Maziwa yangu ni ya mtu mmoja."

Nilitaka kumtukana. Nilikuwa na matusi tayari kinywani, ya Kiixil, lugha yetu, na ya Kihispania. Lakini Melchor alikuwa amelala mapajani pake, na shingo yake ilikuwa imekuwa nyembamba, nikageuka nikaondoka.

Kuanzia hapo mama mkwe alimlisha mjukuu wake maji ya uji wa mahindi kwa kitambaa. Mtoto alikinyonya kitambaa, akakunja uso, akatapika. Sauti yake ikapungua. Watu wa kambi, Mungu awasamehe, walianza kutuambia kwamba mwana wetu ni mpole. Mama mkwe aliacha kumsalimu asubuhi. Alikuwa akimfunua, anamtazama, anamfunika, kisha anatoka nje kutazama anga, na huko nje nilimsikia akiitukana mbingu polepole, neno moja moja.

Siku ile ilianza na Gaspar. Alikuwa zamu kwenye kilele, kazi yake kutazama bonde. Jua lilikuwa ndiyo kwanza limetoka alipoteremka mbio, na kwa jinsi alivyokuwa akikanyaga ovyo tulijua kabla hajafungua mdomo. Wanajeshi wameingia bondeni, wengi, na hawapandi. Wanachoma mahindi.

Mahindi yale yalikuwa ng'ambo, kwenye mteremko unaotazamana na wetu. Yalikwisha kukomaa. Tulikuwa tumeyavunja mabua ili yainamie chini yakaukie palepale shambani, na tulikuwa tukiyavuna kidogo kidogo, wakati wa umande, tukirudi na mzigo mdogo usioacha alama. Yalikuwa chakula chetu chote mpaka mavuno mengine. Makavu namna ile, hayakuhitaji mafuta ya taa. Kiberiti kimoja kilitosha.

Mzee Nicolás akaamuru watu wafungashe. Tutapanda hadi msitu wa juu, tungoje huko. Kila mtu alijua la kufanya: nani anabeba jiwe la kusagia, nani anamshika bibi kipofu, nani anafuta nyayo. Na mimi nilikuwa nimekwisha kumfunga mtoto mgongoni nilipoona mama mkwe hafungashi. Amesimama ukingoni, mikono kiunoni, anatazama bonde.

Moshi ulikuwa unapanda. Ulitoka kwenye mashamba yetu mzito na mweupe, ukajaza bonde kutoka ukingo hadi ukingo, ukaanza kuukwea mlima wetu polepole. Boma lililoungua lilikuwa limekwisha kumezwa. Tuj haikuonekana tena.

"Nicolás," mama mkwe akasema, "sisi tunabaki. Leo namwogesha mkwe wangu."

Mzee Nicolás alimkodolea macho. Alikuwa amewahi kuwa mtunza vyombo vya kanisa na hakuwa mtu wa kupandisha sauti. "Wanajeshi wako bondeni, na wewe unataka kwenda kuoga?"

"Moshi wao umejaa bonde zima. Wangu mimi nani atauchambua?"

"Na upepo ukigeuka?"

"Ukigeuka tutakufa tukiwa safi."

Hakuna aliyecheka, ingawa nilimwona mtu mmoja akiuma mdomo. Mzee Nicolás alinisogelea, akamfunulia mtoto mbeleko mgongoni kwangu, akamtazama kwa muda. Mimi sikumwona uso, nilisikia pumzi yake tu shingoni. Kisha akamfunika, akachukua mzigo wake, akaongoza watu juu. Hakusema tubaki wala hakusema tusibaki.

Tulishuka kwenye moshi, mama mkwe mbele, mimi, na Gaspar nyuma na panga lake. Tulikuwa tumefika kwenye tuj nilipogundua kuna mtu wa nne. Feliciana alikuwa ametufuata, Melchor mgongoni, kibuyu cha maji kila mkono. Niliuliza anataka nini. Akasema maji hayatajileta yenyewe, akapita.

Mama mkwe akaukoka moto. Nilikuwa sijauona moto wa mchana tangu tukimbie. Uliwaka kwa sauti, kwa raha zake, na moshi wake ukatoka mlangoni mwa tuj, ukainuka, ukaingia kwenye ule moshi mkubwa, na pale ulipoingia sikuweza tena kuutenganisha. Mama mkwe alikuwa amesema kweli. Kama ungekuwa ndani ya helikopta, ungeona jeshi linafanya kazi yake na basi.

Kisha harufu ikatufikia. Nimejaribu kuwaeleza wanangu wakashindwa kuelewa. Shamba zima la mahindi likiungua hunukia mahindi ya kuchoma. Ni harufu ya sikukuu, ya watoto kukaa kuzunguka jiko. Tulikuwa na njaa ya miezi, na chakula chetu cha mwaka kilikuwa kinaungua ng'ambo, na vinywa vyetu vikajaa mate. Nilimeza. Nikamwona Gaspar naye anameza, kisha akaona aibu, akatema chini. Alikuwa analeta kuni, anarudi, analeta nyingine, na macho yake yalikuwa yanatiririka. Ule moshi ulimpa kisingizio, nami nikamwachia nacho. Hadi leo mume wangu hagusi mahindi ya kuchoma. Wajukuu wakichoma yeye huenda kutembea.

Mawe yalipokuwa mekundu, mama mkwe alitoa makaa, akaniambia nivue, akaniingiza kwa kutambaa. Ndani mlikuwa na giza na nafasi ya kulala tu. Alimwaga maji. Mvuke ukanikaba, ukanipiga masikio, ukaingia mpaka mahali nilipokuwa nimejikaza tangu kujifungua, na labda tangu siku ya kijiji. Alinichapa mgongo kwa matawi. Alinikanda tumbo, akalipandisha, akanikanda kifua kwa viganja vikavu vilivyokwaruza, na muda wote alikuwa akinong'ona maombi yake, anawataja wazazi wake waliokufa, wakunga waliomfundisha, na milima kwa majina yake. Nilimwambia naogopa. Akasema niogope nikiwa nje, humu ndani hamna nafasi.

Ni jambo la ajabu kulala chini hivyo. Tangu tukimbie nilikuwa nalala na viatu. Pale nilikuwa uchi, jeshi liko bondeni, na kuna mtu ananipapasa nywele na kuniambia nipumue. Wanangu waliosoma huniambia kwamba haikuwa mvuke. Ni kwamba kwa mara ya kwanza niliacha kusikiliza nyayo. Sibishani nao. Mama mkwe angebishana.

Alinitoa, akanifunga tumbo kwa mshipi wake mwenyewe, akanilaza ukutani na kunifunika mablanketi yote tuliyokuwa nayo. Feliciana akaniletea mtoto. Alikuwa amembeba muda wote ule pamoja na wake, mmoja mbele, mmoja nyuma, huku akichochea moto. Nilimweka kifuani bila tumaini lolote, kwa mazoea.

Kwanza nilisikia wadudu wanatembea chini ya ngozi. Kisha kitu kikafunguka, na binti yangu akapaliwa. Akakohoa, akashangaa, akaniangalia kwa macho makali ya mtu aliyechezewa, na maziwa yakawa yanamtoka puani. Akarudi akakamata titi kwa nguvu ambayo sikujua kama anayo. Sauti ile ya kumeza, safari hii ilitoka kwangu.

Mama mkwe alipiga magoti, masizi usoni, jasho linamdondoka. "Polepole, Engracia," akamwambia. "Hakuna anayekufukuza."

Ulikuwa uongo mtupu, na Gaspar mlangoni alikuwa bado ameshika panga. Lakini mtoto aliusadiki. Alinyonya polepole, akalala.

Tulipowapata wenzetu juu msituni hakuna aliyeuliza. Waliona kifua changu kimelowa, wakatupisha.

Nilikuwa na maziwa mengi, na majuma yaliyofuata nilitembea na kiburi. Kila asubuhi nilimnyonyesha wangu, kisha nikamnyooshea Feliciana mikono, naye akanipa Melchor. Hatukuzungumza habari ya siku ile ya shuka. Binti yangu alipata mashavu, akapata mikunjo miwili kwenye kila paja, akajua kucheka. Alikuwa anamchekea hasa bibi yake, ambaye alirudia salamu zake za asubuhi kwa furaha ya kuudhi kambi nzima.

Lakini mvuke hauliwi. Mashamba yalikuwa meusi. Tulikula akiba ndogo iliyofichwa, kisha tukala mbegu tulizokuwa tumeziweka za kupanda, kisha mizizi, kisha majani ambayo zamani tuliyakata kwa ajili ya mbuzi. Mvua zilipoanza tulikuwa mifupa. Maziwa yangu yakapungua taratibu, kama chemchemi wakati wa kiangazi, na safari hii, huko juu msituni, hapakuwa na tuj ya kuyaamuru yarudi. Mama mkwe alinipa sehemu yake ya mizizi akidai ameshiba. Nilijua hajashiba. Nilikula.

Mtoto alianza kukohoa siku ya mvua ya mawe. Tulikuwa chini ya kipande cha nailoni, watu wanane, maji yanapita chini yetu. Alikohoa, akakataa titi, akawa moto, halafu akawa anapumua kwa tumbo. Mama mkwe alimpaka alichokuwa nacho na kumwombea alichojua. Mchana mmoja mvua ilikatika, jua likachungulia, na binti yangu akafa mapajani mwa bibi yake, macho nusu wazi, bila kelele. Alikuwa amefundishwa vizuri. Watoto wetu wote walijua kutopiga kelele.

Moto ule ule ulionipa maziwa ndio ulionyang'anya. Nimelitafakari jambo hili miaka yote na sijapata namna nyingine ya kulisema. Lau wasingechoma mahindi, tusingeweza kuwasha tuj, na angekufa Februari. Walichoma, tukawasha, akafa Juni. Kati ya hapo alijua kucheka. Sijui nimshukuru nani kwa miezi ile, na sitaki kumshukuru yeyote.

Mama mkwe hakulia. Alimwosha kwa maji ya mvua, akamfunga kwenye blauzi yake ya harusi aliyokuwa ameikimbiza kutoka kijijini. Tulimzika chini ya mwaloni na kupanga mawe. Alipomaliza kupanga jiwe la mwisho alikaa chini palepale kwenye matope, mwanamke yule asiyekaa, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Sasa jina langu atalishika nani?"

Nilimwahidi mtoto mwingine. Alinipapasa goti.

Kesho yake Feliciana alishikwa na homa kali, akakauka. Melchor alilia mpaka watu wakaanza kutazamana, maana kilio hubebwa na mabonde. Hakuna aliyeniomba. Mama mkwe ndiye aliyemchukua yule mvulana kutoka kwa mama yake, akavuka tope, akaniwekea mapajani, akaondoka zake. Kifua changu, mpumbavu yule, kilikuwa kimeamka asubuhi kikiwa na kidogo cha kumpa aliyezikwa.

Nikampa. Melchor alikuwa amekwisha kuota meno, akaninyonya kwa hasira ya njaa, akaning'ata. Nililia kwa sauti, mara ya kwanza tangu mazishi, na watu wote chini ya nailoni ile walikubaliana kimyakimya kwamba nalia kwa sababu ya meno.

Engracia alikufa mwaka uliofuata, kabla sijapata mimba tena. Nilipopata, nilizaa mvulana, kisha mvulana mwingine, kisha nikafunga uzazi. Ni wana wazuri. Hawakuweza kumsaidia bibi yao. Tulishuka mlimani mwishowe, amani ikatiwa saini na watu wenye tai, tukajenga upya karibu na Chajul, na jina lile likabaki linazunguka bila mwenyewe.

Mwaka jana, mwanzoni mwa Januari, mke wa Melchor alijifungua. Melchor ni mtu mzima sasa, fundi wa mabati, mnene kwa vipimo vya mtu yeyote. Huyu ni mtoto wake wa tatu, wote wasichana. Wa kwanza alichukua jina la Feliciana, wa pili jina la mama wa mkewe, kama inavyotakiwa. Mimi niliitwa kumwogesha mzazi, maana mikono ya mama mkwe ilinibakia mimi.

Nilifika asubuhi na Gaspar. Feliciana alikuwa amekwisha kukaa kwenye kigoda uani, anamkosoa kila mtu: kuni mbichi, maji machache, mwanawe hajui kupanga mawe. Akaniambia nimechelewa na kwamba nimezeeka. Nikamwambia yeye alizeeka kabla yangu. Nikamfunua mtoto mchanga, nikamtazama. Mwekundu, amekasirika, ana afya.

Melchor alikuwa amechuchumaa mlangoni mwa tuj akipuliza moto. Hakugeuka aliponisemesha.

"Mama, lile jina la bibi. Lina mtu?"

Gaspar, ambaye siku hizi hasikii vizuri, alisikia. Melchor hana damu yetu. Lakini alikuwa amelala kwenye mgongo wa mama yake kando ya moto ule, na alikunywa kilichobaki, na kumbe miaka yote hiyo alikuwa anajua.

"Halina mtu," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa, akarudi kupuliza. Moto ukashika. Moshi ukatoka mlangoni, ukainuka wima, mweupe, mrefu, juu ya paa, juu ya misonobari, katika anga lililokuwa bluu tupu kutoka ukingo hadi ukingo. Shingo yangu iliinuka yenyewe. Nilipotazama pembeni nikaona Feliciana naye ametazama juu, na Gaspar amesimama, mkono mmoja juu ya macho, anasikiliza kwa masikio yasiyosikia.

Hapakuwa na kitu. Anga tu.

Melchor akatuona. "Moshi umezidi?" akauliza, amekwisha kushika gogo ili alitoe. "Nipunguze?"

Mtoto alikuwa ameanza kulia mikononi mwangu, kwa sauti kubwa.

"Acha," nikamwambia. "Ongeza kuni."